Chai Ipoe Kwanza

Mwaka 2015 watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, walichapisha matokeo ya kazi ambayo ukiitazama harakaharaka utaiona ya kitoto. Walichukua kipimajoto, wakakaa na watu wa Kilimanjaro wakati wa chai, wakapima joto la kikombe pale mtu anapopiga funda la kwanza. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6, juu ya kiwango cha tafiti zote zilizotangulia walizolinganisha nazo. Wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi ya wale wa chai ya rangi kwa karibu nyuzi 2, kwani chai ya rangi hupoa upesi mara mbili. Saba kati ya kumi ya hao wa chai ya maziwa walisema wamewahi kuungua ulimi. Mwaka uliofuata shirika hilohilo likaviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayotajwa ni ya umio, yaani ule mrija unaoshusha chakula tumboni.

Kilimanjaro si mbali na sisi. Ukanda mrefu wa Afrika Mashariki, kuanzia Kenya na kushuka kupitia Tanzania hadi Malawi, unajulikana kwa saratani hiyo kuliko sehemu nyingi za dunia, na huku Hanang na Mbulu tumo ndani yake. Chai yetu nayo unaijua. Asubuhi ya Julai, upepo wa mlimani unakata masikio, mama anaondoa sufuria mekoni maziwa yakiwa bado yanapanda, chai inaingia kwenye chupa, inafunikwa. Mgeni akifika Getanuwas saa nne, anamiminiwa kutoka kwenye chupa hiyo, na chai isiyotoa mvuke ni aibu ya mwenye nyumba. Tunaiheshimu chai kwa moto wake. Makala haya yanahusu gharama ya heshima hiyo, pamoja na mambo mengine machache ya nyumbani yanayoujeruhi mwili kwa namna ileile: kidogo, palepale, kila siku.

Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ambazo jicho halizioni bila hadubini. Umio una urefu wa sentimita 25 hivi, na ndani umetandikwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka. Za juu huchakaa na kubanduka. Za chini kabisa hugawanyika na kupanda kuziba nafasi. Tumbo limepewa ute mzito wa kulikinga na asidi yake lenyewe, ila umio haukupewa kinga ya kiwango hicho. Chai ya nyuzi 70 ikipita, joto linaziharibu protini za seli za juu, na ngozi laini inayoizunguka kila seli inashindwa kuyazuia maji na chumvi. Seli inavimba.

Hapo bado haijapotea. Ikiachwa ipumue, ipate damu yenye oksijeni na chakula, itayasukuma maji nje, itatengeneza protini mpya, na baada ya muda hutajua kama iliumia. Majeraha mengi ya mwili wetu huishia hapo, nasi hatuna habari. Joto likizidi, au likirudi kabla kazi ya kujenga haijaisha, mpaka unavukwa na seli inakufa.

Kufa kwenyewe kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya fujo: seli inapasuka, inamwaga yaliyomo, seli za jirani zinawashwa, damu inakimbilia hapo, panakuwa pekundu, panavimba na kuuma. Ya pili ni ya kimya. Seli inayojua kwamba maandishi yake ya urithi yameharibika hujikunja, hujikatakata yenyewe, na seli za ulinzi humeza mabaki bila uvimbe wala maumivu. Kila siku seli nyingi mno hujiondoa mwilini kwa njia hii, na ni moja ya kinga kuu tulizo nazo dhidi ya saratani. Seli yenye kasoro inayokataa kujiondoa, ikaendelea kuzaana, ndiyo mwanzo wa uvimbe.

Kati ya jeraha na saratani kuna kituo kingine ambacho kila mkulima anacho mkononi. Mpini wa jembe ukisugua kiganja kwa siku mbili unatoa lengelenge. Ukisugua msimu mzima unatoa sugu, kwa sababu seli za ngozi zimeamua kujiongeza na kuwa ngumu. Moyo wa mwenye shinikizo la damu hufanya kitu cha aina hiyo: misuli yake hunenepa ili iweze kusukuma, na kwa miaka kadhaa mtu hajisikii mgonjwa. Njia ya hewa ya mvutaji hubadilisha kabisa aina ya seli, zile laini zenye vinyweleo vya kufagia makohozi zikaondoka na mahali pake pakashikwa na seli bapa zinazohimili moshi lakini hazijui kufagia. Kote huku mwili unajitetea, tena kwa akili. Taabu ni kwamba kwenye ngozi na njia ya hewa utetezi huu unadai seli zigawanyike mara nyingi kuliko kawaida, na kila mgawanyo ni kunakili upya maandishi yote ya urithi, herufi bilioni 3 na zaidi. Karani aliyelundikiwa kazi usiku kucha hukosea, na seli nayo hukosea. Makosa mengi husahihishwa. Machache hubaki, yakarithiwa na seli binti, yakasubiri kosa jingine.

Sasa piga hesabu. Chai ya moto mara 2 kwa siku, kwa miaka 30, ni zaidi ya mara 21,000, bila kuhesabu supu ya mnadani. Kikombe kimoja hakimdhuru mtu. Anayeungua mdomo leo kwa uji, akapona, hana cha kuogopa. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako saratani ya umio ni nyingi kama kwetu, watu zaidi ya 50,000 walifuatiliwa kwa miaka. Waliokuwa wakinywa chai ya nyuzi 60 au zaidi, na kwa wingi wa zaidi ya mililita 700 kwa siku (vikombe viwili vitatu vikubwa), walipatwa na saratani hiyo karibu maradufu ya waliokunywa kidogo na isiyo ya moto hivyo. Wengi wa wanywaji wa chai ya moto hawataugua kamwe, na mtu asije akakutisha kwa hilo. Lakini kwa hatari ambayo kuipunguza hakugharimu hata senti, sioni sababu ya kubishana.

Namna ya kuipunguza ipo tayari nyumbani. Mtazame mama anapompa mtoto chai: anachukua vikombe viwili, anamimina kutoka juu huku na kule, anagusa kwa mdomo, ndipo anampa. Mtoto huyo akifika miaka kumi anaachiwa ajipulizie mwenyewe, kana kwamba umio wake umegeuka chuma. Jifanyie unachomfanyia mtoto. Wazee wa pwani walikuwa na kisahani: chai inamwagwa humo, inatandaa, inapoa, ndipo inanywewa, na hakuna aliyewaona hawana adabu. Chupa ya chai yenyewe ijue tabia yake. Imetengenezwa isiruhusu joto kutoka, kwa hiyo chai iliyokaa humo saa moja usidhani imepoa. Mimina mapema, acha kikombe wazi, kamilisha salamu na habari za mifugo, kisha kunywa. Ikiwa bado unalazimika kuivuta kwa sauti pamoja na hewa, haijafika. Kipimo hicho kinatosha, huhitaji kipimajoto.

Nakuonya lakini juu ya jambo moja, maana najua ushauri ukisafiri hubadilika njiani. Sikusema maziwa yasichemshwe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa mtu huleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo, na yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Yachemshe yapande kabisa, halafu yaache yapoe. Ukipenda, weka pembeni kiasi cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, uyaongeze kikombeni mwishoni. Mgeni atapata maziwa mengi zaidi, na heshima yako haitapungua.

Joto halifanyi kazi peke yake. Tabaka la juu likishaunguzwa, kinachofuata kinapenya kirahisi. Gongo ikinywewa, mwili huigeuza kuwa sumu inayoharibu maandishi ya urithi hata kwenye ukuta wa umio wenyewe. Sigara, tumbaku ya kutafuna na ugoro huleta sumu nyingine. Mzee anayeanza asubuhi kwa chai ya kuunguza, akashika ugoro mchana, akamalizia gongo jioni, ameupitishia mrija uleule mambo matatu, na hatari zake huzidishana. Ukimshauri mzee wa namna hiyo usimwambie aache vyote kesho, hatakusikia. Mwombe aanze na chai. Moshi wa mafiga nao umo kwenye hesabu, hasa kwa akina mama wanaopika ndani ya nyumba isiyo na tundu: fungua upande, inua bati, kausha kuni vizuri. Mengi yameandikwa juu ya majiko, siongezi.

Nitakaa zaidi kwenye mahindi, kwa sababu hapa Manyara tumeshazikana.

Mwaka 2016 ugonjwa wa ini uliozuka ghafla ulikumba vijiji vya Dodoma na Manyara. Kati ya watu 68 walioripotiwa kuugua, 20 walikufa. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Kuvu anayeitoa huishi shambani kabla ya kufika ghalani. Muhindi ukipigwa na ukame ukiwa unajaza, kisha ukavunwa na kulundikwa chini ukiwa na unyevu, kuvu hustawi. Sumu yake ikiliwa kwa wingi, seli za ini hufa kwa mpigo, kwa ile namna ya fujo: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika, na kifo ndani ya siku au wiki chache. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka hakuna anayelazwa. Inaingia kwenye seli za ini, inajishikiza kwenye maandishi ya urithi, na ina mazoea ya kukosesha sehemu moja maalumu: ile inayoiamuru seli mbovu ijiondoe. Kipo kitu kibaya kuliko sumu kuua seli, nacho ni sumu kuizuia seli ife inapotakiwa.

Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumukuvu, hatari yake ya saratani ya ini hupanda mara nyingi kuliko ya mwenye kimojawapo. Watoto wetu hukingwa na virusi hivyo kwa chanjo ya penta wanayopata wakiwa wachanga. Mtu mzima ambaye hakuipata utotoni apime, na akikutwa hana virusi, aulizie chanjo.

Kupika hakuiondoi sumu. Ugali ukisongwa saa nzima bado unayo, na harufu huenda usiisikie. Kazi inafanyika kabla. Vuna yakikomaa, usiyaache shambani yakinyeshewa. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Ukitia chumvi kavu na punje ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, ukatikisa, ukasubiri robo saa, chumvi ikishika kuta za chupa mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Kisha kaa chini na ungo uchambue. Toa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizonyauka, zenye rangi ya kijani au kijivu kwenye kiini. Sumu haitandai sawasawa kwenye gunia, bali hukaa kwa wingi katika punje chache mbovu, na mkono wa mtu aliyetulia unaweza kuondoa sehemu kubwa yake. Kukoboa nako kunasaidia. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ukiipata.

Na yale yaliyochambuliwa? Ndipo tunapoharibu. Mahindi mabovu hupelekwa kwenye pombe, au hupewa kuku, au husagwa kuwa pumba za ng'ombe. Pombe inabaki na sumu. Ng'ombe naye akila chakula chenye sumukuvu huitoa kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo, na jirani zetu wa Singida wameshapimwa: ikakutwa kwenye vyakula vya ng'ombe vya alizeti na kwenye maziwa yao. Mahindi hayo mabovu yafukie au yachome. Najua kuchoma nafaka mwaka wa njaa kunauma, na sitajifanya kwamba ni jambo jepesi.

Tutoke ghalani sasa. Saratani inayowaua wanawake wengi kuliko zote nchini ni ya mlango wa kizazi, nayo inafundisha somo la seli kuliko yoyote, kwa kuwa hatua zake zinaonekana kwa macho. Kwenye mdomo wa kizazi pana mstari ambapo aina mbili za seli hukutana, na hapo seli hubadilika aina kwa kawaida kabisa msichana anapokua. Virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, hupenda mahali hapohapo. Mwili wa wengi huvishinda ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikidumu, seli huanza kupoteza umbo na mpangilio bila kuwa saratani, na kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida ni miaka 10 au zaidi. Muuguzi akipaka siki iliyozimuliwa, sehemu yenye seli hizo hugeuka nyeupe mbele yake. Huweza kuigandisha au kuichoma siku hiyohiyo, mama akarudi nyumbani kwake. Ni saratani chache zinazotupa nafasi ndefu hivyo.

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 aende kupimwa hivyo, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi. Akitaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzake aseme tu, si kosa. Akina baba, nauli ya safari hiyo ihesabiwe kama nauli ya mnada. Kwa mabinti, chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, bure. Maneno kwamba inaondoa uzazi si ya kweli. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe.

Yabaki mawazo. Watu wa Katesh na Gendabi hawahitaji kuelezwa mshtuko ni nini tangu tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang uliposhusha tope na mawe yakaua watu zaidi ya 80. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal, Kanada, alieleza kwamba panya wakibanwa na taabu yoyote, iwe baridi, sumu au kuchoshwa, miili yao hujibu kwa namna ileile: tezi zilizo juu ya figo huvimba, kinga hunywea, tumbo huchubuka. Hatua ya kwanza ni kushtuka, ya pili kuhimili, ya tatu kuishiwa. Homoni zinazotolewa hutusaidia kukimbia au kuinua jiwe, ila zikikaa juu kwa miezi, shinikizo hupanda, sukari hupanda, usingizi hukatika na vidonda huchelewa kufunga. Utasikia watu wakisema mawazo huleta kansa. Ushahidi wa hilo, kwa mawazo peke yake, ni hafifu. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu mwenye mawazo hunywa zaidi, huvuta zaidi, hula vibaya, na dalili zake huzipuuza kwa kuwa tayari ana mzigo mwingine. Aliyefiwa na bado halali miezi mingi baadaye amweleze mganga wa zahanati kama anavyomweleza kikohozi. Na asiachwe peke yake. Wadatoga wanapofanya bung'eda, mazishi ya heshima ya mzee, watu hukaa pamoja kwa muda mrefu, na hata bila kujua lolote la homoni, ni utaratibu wa kulindana.

Narudi kwenye umio kwa upande wa hospitali, kwa sababu huko ndiko tunakochelewa zaidi. Mrija huo hutanuka, kwa hiyo uvimbe hukua ndani yake kimya. Nyama ikianza kukwama, halafu ugali, halafu uji, njia imeshazibwa sehemu kubwa. Watu wengi katika hatua hiyo hujitibu kwa kunywa maji baada ya kila tonge, au hudhani ni vidonda vya tumbo, au huambiwa wamelogwa. Chakula kigumu kikikwama mara kwa mara kwa wiki mbili, au uzito ukishuka, au sauti ikikauka bila mafua, usisubiri mavuno. Anzia zahanati upate barua ya rufaa. Kwetu hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, iko jirani kuliko KCMC ya Moshi au Ocean Road ya Dar es Salaam, na kutoka hapo watakueleza kama kuna haja ya kwenda mbali zaidi.

Kipimo unachopaswa kukiulizia kwa jina ni kile cha kamera inayoshushwa kooni. Dawa za asidi pekee, bila kamera, kwa mtu ambaye chakula kinamkwama, hazitoshi, na unayo haki ya kusema hivyo kwa upole. Wakiona kitu watakata kinyama na kukituma maabara, na majibu huchukua siku au wiki. Hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea: wamerudi kijijini, simu haina chaji, mvua zimefunga barabara. Kabla hujaondoka andikisha namba mbili, moja ya kwako na moja ya ndugu anayekaa kwenye mtandao, uliza tarehe ya majibu, na waulize kama ndugu huyo anaweza kuyachukua kwa niaba yako.